Bure, Huru na Rahisi: Mtumiaji wa Kawaida, Mfumo wa Linux na Nafasi ya Kiswahili katika Kompyuta, 1991–2014

1. Utangulizi

Historia ya kompyuta imezoea kuandikwa kwa majina ya waliozibuni na kwa hesabu za makampuni yaliyoziuza. Ni nadra kumkuta humo mtu wa kawaida aliyeketi mbele ya mashine yake: karani, mwalimu, mwanafunzi au mwenye kibanda cha kuchapa barua, ambaye siku moja aliamua kuuweka kando mfumo endeshi alioukuta ndani ya kompyuta na kujaribu mwingine. Mhadhara huu unamhusu mtu huyo. Unafuatilia jinsi mfumo wa Linux ulivyotoka mikononi mwa mabingwa ukafika mezani pa watu wasio mabingwa kati ya mwaka 1991 na 2014, na unachunguza Kiswahili kilikuwa wapi katika safari hiyo.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba Linux ilivutia watu kwa sababu haiuzwi, na kwamba wengi waliiacha kwa sababu ni ngumu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Leseni ya programu huria ilimruhusu mtumiaji kunakili, kusoma na kubadili. Ili ruhusa hiyo igeuke kuwa uwezo, ilihitajika lugha ya kuulizia na kujibiwa. Pale ambapo Kiswahili kilitiwa kwenye skrini bila kutiwa kwenye miongozo na misaada, mtumiaji aliachwa katikati ya njia. Hiyo ndiyo hoja inayotetewa katika kurasa hizi.

2. Maneno matatu

Ni vema kuanza na maneno yenyewe. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983, alilazimika kutumia neno la Kiingereza lenye maana mbili: kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa. Tangu hapo yeye na wafuasi wake wametumia jitihada kubwa kueleza kwamba walikusudia maana ya pili. Leseni yao ya GPL, iliyotolewa mwaka 1989, haikumkataza mtu kuuza programu; ilimkataza kumfungia mwenzake njia ya kuisoma, kuibadili na kuisambaza.

Kiswahili hakina utata huo. Kinacho *bure* kwa kitu kisicholipiwa, na *huru* kwa kitu au mtu asiyefungwa. Kinacho pia *huria*, neno lililokwisha kuzoeleka katika *soko huria* na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. *Huria* hubeba wazo la mlango usiokuwa na bawabu. Waliochagua istilahi ya *programu huria* walichagua vema, na kwa neno moja wakaumaliza ubishi ambao Waingereza wanaueleza kwa aya nzima.

Hata hivyo *bure* lina tabia yake. Neno hilohilo linalotaja kitu kisicho na bei hutaja pia kazi isiyo na faida: aliyefunga safari asimkute mwenyeji *amekwenda bure*. Msemaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba programu ni ya bure, sikio lake limekwisha kusikia maana zote mbili. Kuna na neno la tatu, *rahisi*. Asili yake katika Kiarabu ni kitu cha bei ndogo, na Kiswahili kimelipanua hadi kumaanisha jambo lisilo na ugumu. Linux ilipofika Afrika Mashariki ilikuwa rahisi kwa maana ya kwanza na ngumu kwa maana ya pili. Historia ya mtumiaji wa kawaida imo ndani ya pengo lililopo kati ya maana hizo mbili za neno moja.

3. Kutoka Helsinki hadi mezani

Mwezi Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliwatangazia watumiaji wenzake wa kompyuta kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Alichokuwa akitengeneza ni kiini tu: ile sehemu inayogawa kumbukumbu, kuratibu kazi na kuzungumza na vifaa. Mwaka 1992 alikiweka kiini hicho chini ya leseni ya GPL, na kikaunganishwa na zana za mradi wa GNU zilizokuwa zimekamilika kwa sehemu kubwa. Mwaka 1993 ikaanza mikusanyo ya Slackware na Debian, iliyokusanya kiini na programu nyinginezo katika kifurushi kimoja.

Aliyejaribu mfumo huo katika miaka hiyo hakuwa mtu wa kawaida. Alitakiwa kuandaa rundo la flopi na kuigawa diski kuu sehemu mbalimbali kwa mkono, akijua kwamba kosa moja lingeweza kufuta kazi zake zote. Alitakiwa pia kuyajua masafa ya skrini yake na kuyaandika kwenye faili. Waliotengeneza mfumo walikuwa ndio wanaoutumia, kwa hiyo hawakuona haja ya kueleza mambo ambayo kila mmoja wao aliyajua.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili. Ya kwanza ilihusu kiolesura. Mradi wa KDE ulianza mwaka 1996 na wa GNOME mwaka 1997, na kwa kazi yao Linux ikapata madirisha, menyu na aikoni zinazofanana na zile ambazo mtumiaji alizizoea. Mwaka 2002 likaja toleo la kwanza la OpenOffice.org, na mtu akaweza kuandika barua na kufanya hesabu bila kurudi kwenye Windows.

Hatua ya pili haitajwi sana, lakini kwa mtumiaji wa kawaida ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mkusanyo unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye CD bila kugusa diski kuu. Mtu aliiingiza CD, akauona mfumo mzima ukifanya kazi, akaitoa CD, na kompyuta yake ikabaki kama ilivyokuwa. Kabla ya hapo, kwa watu wengi, *kujaribu* Linux kulikuwa karibu sawa na *kuhamia* Linux. Baada ya Knoppix, kujaribu kukawa jambo la jioni moja, na mtu mwenye kompyuta moja tu, tena pengine ya kuazima, akapata nafasi ya kuonja bila hofu ya kupoteza.

4. Ubuntu: neno la Kibantu safarini

Tarehe 20 Oktoba 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mkusanyo uliojengwa juu ya Debian. Mwasisi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, alikuwa ameiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kusafiri angani mwaka 2002. Mradi wake ulijiwekea sharti kwamba toleo jipya litoke kila baada ya miezi sita, na kwamba mtumiaji asilipishwe.

Kwa mwanaisimu, jina lenyewe linastahili kusimama nalo kidogo. *Ubuntu* katika Kizulu na Kixhosa na *utu* katika Kiswahili ni neno moja. Mzizi wa kale ni *-ntu*. Kiswahili kilidondosha nazali mbele ya konsonanti isiyo ghuna, kikapata *-tu*, kama ilivyo katika *mtu* na *kitu*. Kiambishi *ubu-* cha Kizulu kinalingana na *u-* ya Kiswahili, kiambishi cha ngeli ya nomino dhahania. Lakini neno lilipoingia katika biashara ya dunia lilikatwa upya. Mikusanyo iliyozaliwa kutokana na Ubuntu iliitwa Kubuntu, Edubuntu, Xubuntu na Lubuntu, kana kwamba mzizi ni *-buntu*. Kiambishi cha ngeli kikamezwa na mzizi, na mofolojia ya Kibantu ikanyamaza ndani ya jina la Kibantu.

Mchango mkubwa wa Ubuntu kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki ulikuja kwa posta. Kupitia huduma iliyoitwa ShipIt, mtu yeyote aliyetuma anwani yake aliletewa CD bila malipo, hata gharama za posta zikiwa juu ya mtumaji. Umuhimu wa huduma hiyo huonekana kwa hesabu ndogo. CD moja hubeba takriban megabaiti 700. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kuzipakua kungechukua zaidi ya saa 27 mfululizo, endapo laini ya simu haikukatika na umeme haukuzimika. Kebo ya SEACOM, ya kwanza kuziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa mkongo wa baharini, ilifunguliwa Julai 2009. Kabla yake mawasiliano ya intaneti ya nje yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Katika mazingira hayo, programu iliyokuwa ya bure kwa aliye Ulaya haikuwa ya bure kwa aliye Morogoro au Kisumu, mpaka ifike katika bahasha.

Toleo la Juni 2006 liliunganisha kujaribu na kusimika katika CD moja: mtumiaji aliuonja mfumo kwanza, na akiridhika alibonyeza aikoni iliyokuwa kwenye eneokazi ili kuusimika. Toleo la Aprili 2008 liliongeza njia ya kuusimika ndani ya Windows, kama programu nyingine yoyote, na kuuondoa vivyo hivyo. Huduma ya kutuma CD ilikoma mwaka 2011.

5. Kiswahili ndani ya mashine

Katika mwaka huohuo wa 2004 lilitukia Dar es Salaam jambo lenye uzito wake. Mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT +46 ya Uswidi, ulitoa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org chini ya jina la Jambo OpenOffice. Mwaka huo pia Microsoft ilitangaza nia ya kuziweka programu zake katika Kiswahili. Pande mbili, ile ya programu huria na ile ya programu za kuuzwa, zilikuwa zikiifanyia kazi lugha moja ya Kiafrika kwa wakati mmoja.

Jina la *Jambo* linafikirisha. Miongoni mwa Waswahili salamu ni *hujambo* na jibu ni *sijambo*. *Jambo* tupu ni salamu anayofundishwa mgeni. Hapana shaka lilichaguliwa kwa kuwa linatambulika upesi. Hata hivyo lilidokeza swali ambalo mradi wowote wa tafsiri hukutana nalo: programu hii inamsalimu nani, mwenyeji au mgeni?

Ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni wa istilahi. Kifaa kilichokuwa kikizungumziwa kilikuwa na majina matatu: *kompyuta* lililoenea zaidi, *tarakilishi* lililopendwa na waandishi wa Kenya, na *ngamizi* lililotumiwa na wachache. Utafutaji wa istilahi haukuwa mgeni kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, wala kwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Lakini kamati hupima neno kwa miezi, ilhali programu zilizungukwa na ratiba ya miezi sita. Matokeo yake ni kwamba *folda* na *kabrasha*, *nywila* na *neno la siri*, yaliishi pamoja bila mwamuzi.

Ugumu wa pili ni wa sarufi, na huu ndio ambao wasiojua Kiswahili hawakuutazamia. Programu nyingi hutunga ujumbe kwa kuacha pengo litakalojazwa jina la kitu: kitu fulani kimeondolewa, kitu fulani hakikupatikana. Kiingereza hakibadili kitenzi kwa sababu ya nomino inayojaza pengo hilo. Kiswahili hulazimika kubadili. Faili *imefutwa*, dirisha *limefutwa*, kiungo *kimefutwa*, ujumbe *umefutwa*. Mfasiri aliyepewa kiunzi kimoja cha sentensi hakuwa na njia ya kukisia ngeli ya nomino itakayokuja. Werevu zaidi walitanguliza nomino ya jumla, kwa mfano *Faili*, kisha jina likafuata na kitenzi kikapatana na nomino hiyo. Wengine walikimbilia unomino, kama vile *ufutaji umekamilika*. Kila njia ilikuwa na gharama yake katika ulaini wa lugha. Hapa ndipo inapoonekana kwamba mfumo uliofunguliwa kisheria unaweza bado kuwa umefungwa kisarufi, kwa sababu umbo la sentensi ya Kiingereza limezama ndani ya msimbo wake.

Ugumu wa tatu ni wa mazungumzo kati ya mashine na mtu. Vitufe vya Kiingereza hutumia kitenzi kitupu. Katika Kiswahili kitenzi hicho huwa amri: *Futa*, *Fungua*, *Funga*. Neno *Hifadhi* lina mzigo wa ziada, kwani ni amri na ni nomino pia, na aliyezoea kulisikia katika Hifadhi ya Serengeti hulisoma kwanza kama mahali. Hata saa ilileta mambo: skrini inayoonyesha 07:00 humtaka msomaji wa Kiswahili aseme *saa moja*, na hakuna tafsiri ya menyu inayoweza kumaliza tofauti hiyo.

6. Kujaribu na kubaki

Waliojaribu walikuwa wengi kuliko waliobaki, na sababu zake zinaweza kupangwa kwa uzito.

Sababu ya kwanza ni kwamba faida ya bei ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Nakala zisizo na leseni za Windows zilipatikana mitaani kwa bei ya CD tupu. Kwa mtumiaji wa namna hiyo, mifumo yote miwili ilikuwa ya bure. Tofauti yao ilikuwa ya uhalali, na uhalali haukuonekana kwenye skrini. Kilichomvuta zaidi ni virusi. Flashi zilizokuwa zikipita kutoka kompyuta hadi kompyuta zilibeba virusi vilivyoandikiwa Windows, na Linux haikudhurika navyo.

Sababu ya pili ni vifaa. Modemu nyingi za bei nafuu zilitegemea programu za Windows kufanya sehemu ya kazi yake, hivyo chini ya Linux zilikuwa vyuma vitupu. Kadi za mtandao usiotumia waya na vichapishi vilileta matatizo ya aina hiyohiyo. Mtu aliyeusimika mfumo kwa mafanikio na kukuta hawezi kuunganishwa na intaneti alikosa pia njia ya kutafuta dawa.

Sababu ya tatu ndiyo inayohusu mada hii moja kwa moja. Mfumo ulipokwama, mtumiaji wa Windows alimwendea fundi wa mtaani. Mtumiaji wa Linux alitumwa kwenye miongozo, na miongozo ilikuwa ya Kiingereza. Aliyechagua kiolesura cha Kiswahili alikuwa katika hali ngumu zaidi: ujumbe wa kosa aliousoma kwenye skrini yake haukuwemo katika mwongozo wowote, kwa kuwa mwongozo ulitaja maneno ya Kiingereza. Ili asaidiwe ilimbidi kwanza aurudishe ujumbe kwenye Kiingereza, lugha ambayo tafsiri ilikusudiwa kumwepusha nayo. Basi ikatokea kwamba wenye kuhitaji tafsiri hawakuweza kufaidika nayo, na walioweza kufaidika hawakuihitaji.

Itakuwa kosa kudai kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Mji wa München nchini Ujerumani uliamua kuhamia Linux, ukakamilisha uhamaji wa kompyuta zipatazo 15,000 za ofisi zake mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Huko mfumo ulikuwa katika Kijerumani na mafundi walikuwa wengi. Nyaraka zilizobadilishana sura kati ya ofisi na ofisi, pamoja na siasa za mji, zilitosha kuleta mgogoro. Mfano huo unaonyesha kwamba lugha haitoshi peke yake. Haukanushi kwamba pasipo lugha hata jaribio halikamiliki.

Kuna pia suala la matunzo. Tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu. Kitabu kikishafasiriwa kimefasiriwa, lakini programu huongezewa menyu na ujumbe mpya kila toleo. Tafsiri ya OpenOffice ya mwaka 2004 haikuweza kuvikwa LibreOffice, iliyojitenga mwaka 2010, bila kazi mpya. Miradi iliyofadhiliwa kwa muda maalumu ilitoa zao moja zuri, kisha shamba likakosa mpaliliaji. Katika lugha zilizofaulu, mpaliliaji alikuwa mtumiaji mwenyewe: aliyeona neno baya, akalirekebisha, na marekebisho yake yakawafikia wengine katika toleo lililofuata. Leseni ilimpa mtumiaji wa Kiswahili haki hiyohiyo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia, kwa Kiswahili, kwamba anayo.

7. Hitimisho

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft ilikoma kuitunza Windows XP, na kompyuta nyingi za zamani zikabaki bila mlinzi. Wakati huo mtumiaji wa kawaida wa Afrika Mashariki alikuwa akihamia kwenye simu. Simu za Android, zilizoingia sokoni mwaka 2008, zina kiini cha Linux ndani yake. Kwa hiyo kiini kilichoanzia Helsinki kimefika katika mifuko ya mamilioni ya Waswahili, nao hawakukijaribu wala hawakukichagua. Kimefika kikiwa kimefungwa ndani ya kifaa ambacho mwenyewe kwa kawaida hakifungui.

Suala la kompyuta nalo halijafa. Tarehe 14 Oktoba 2025 ulikoma msaada wa kawaida wa Windows 10, na kwa mara nyingine mashine nzima zimeambiwa kwamba ni kuukuu. Shule na ofisi zitakazofikiria kuzipa uhai mpya kwa mfumo huria zitakutana na maswali yaleyale ya mwaka 2004.

Funzo la miaka ile kwa wanaisimu ni kwamba istilahi ni mwanzo wa kazi. Mtumiaji anahitaji mwongozo uliotumia istilahi hizohizo, fundi anayezitamka, na njia ya kuzisahihisha pale zinapomkwaza. Wahandisi nao wana funzo lao: pengo lililoachwa ndani ya sentensi lina ngeli, na asiyelijua hilo amekwisha kuamua ni lugha zipi zitakazozungumza sawasawa ndani ya mashine yake. Programu huria ilipokuja kwa Waswahili ilikuja ikiwa bure, na ilikuwa na haki ya kuitwa huru. Kuifanya rahisi ilikuwa kazi ya wenye lugha, na kazi hiyo ingali inawasubiri.